Swali la Bi Kazija Kuhusu Meza Sita

Palikuwa na nchi ambayo jina lake, wakati wa mambo haya, lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na mpaka leo halijarudi. Wananchi wake walikuwa watu wa taratibu, na serikali yao iliwapenda mno, kiasi kwamba haikuweza kuwaacha peke yao hata kwa dakika tano.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa nyuma ya soko la vyombo, Bi Kazija alikuwa na duka la michezo. Aliuza drafti, bao, dhumna, karata, na keram pamoja na poda yake. Mbele palikuwa na kaunta, na ndani palikuwa na ukumbi mdogo wenye meza sita za mvule, kila meza na viti viwili. Meza hizo alizichonga marehemu mumewe, Makungu, seremala ambaye hakupenda misumari. Kila mguu ulishikana na meza yake kwa ulimi na tundu, na ungeweza kupanda juu ukacheza ngoma bila kusikia mlio.

Ukutani Makungu alikuwa ameandika kwa rangi ya mafuta kanuni mbili za nyumba. Ya kwanza: ALIYEFUNGWA AINUKE. Ya pili: MWENYE DUKA HACHEZI. Ya kwanza aliiweka ili wanaongoja wapate nafasi. Ya pili aliiweka kwa ajili ya mkewe, baada ya Bi Kazija kumfunga mteja mmoja mara saba mfululizo, na mteja yule akahamishia manunuzi yake mtaa wa pili, na salamu zake pia.

Sasa, watu walikuja dukani tangu milango inafunguliwa. Walikaa, walicheza, walibishana, walikunywa maji ya mtungi wa Bi Kazija wakayasifu. Kitu kimoja tu hawakufanya, kununua. Mzee Tindwa, fundi saa mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alikuwa ameikalia meza namba moja kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa alinunua pakiti moja ya karata, na hiyo nayo aliirudisha akidai ina malkia watatu.

Bi Kazija alikuwa na mawazo mawili, na yote mawili yalikuwa na akili, ndiyo maana yalimchosha. Wazo la kwanza lilisema: watoze. Ukumbi ule ungeweza kujaa rafu za bidhaa, na rafu haiombi maji ya kunywa. Wazo la pili lilisema: usiwatoze. Nani atanunua drafti akacheze na nani, na ukuta? Watu hununua mchezo kwa sababu wamewaona wenzao wakicheka mezani. Ukiweka bei kwenye kiti, wataondoka na vicheko vyao, nawe utabaki na kete ambazo hakuna anayejua raha yake.

Katikati ya mawazo hayo mawili alisimama mwuza magodoro wa jirani. Huyu alikuwa amekwisha kumwambia mwenye nyumba kwamba chumba kile kingemfaa, na Bi Kazija alikuwa nyuma kidogo na pango. Mara mbili Bi Kazija alimkuta ukumbini na futi ya kupimia, akipima pale zilipo meza, na alipoulizwa alisema anafanya mazoezi.

Katika nchi ile mtu mwenye akili timamu haiulizi serikali kitu. Lakini wiki hiyo Bi Kazija alikuwa amesikia redioni, mara tatu kwa siku, kwamba serikali ni sikivu. Akachukua karatasi yenye mistari akaandika: "Naomba ushauri. Je, niwatoze wateja wanaokalia meza za duka langu, au nisiwatoze? Wenu mtiifu, Kazija wa Makungu." Akaitia posta, akarudi kuuza poda ya keram.

*

Jibu lilikuja baada ya siku nne, na lilikuja na ving'ora.

Waziri wa Mapumziko na Nidhamu ya Mapumziko aliteremka mwenyewe mbele ya duka, akapandishwa juu ya kreti la soda lililofunikwa zulia, akahutubia mtaa. Alisema kwamba kukaa ni suala mtambuka. Alisema kwamba taifa lisilojua nani amekaa, amekaa wapi, na amekaa kwa muda gani, ni taifa linalokwenda gizani. Alimsifu Bi Kazija kwa uzalendo wa kuuliza, akasema swali lake limeitikisa wizara, na kwamba kuanzia saa hiyo limeundiwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Ukaaji wa Mezani. Watu walipiga makofi, maana askari walikuwa wameanza kupiga.

Tume ilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Ikagundulika, kwa bahati njema, kwamba ukumbi wa Bi Kazija una viti kumi na viwili.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Bakunda, mtu mnene mwenye sauti ya upole, daktari wa jambo ambalo halikuwahi kutajwa. Alimweleza Bi Kazija kwa heshima zote kwamba mtu hawezi kuchunguza kukaa akiwa amesimama. Kwa hiyo wachezaji wa kawaida wangepisha kidogo, kwa muda mfupi tu, ili wajumbe wakae na kupata uzoefu wa moja kwa moja. Meza zikabandikwa karatasi: MEZA YA SERIKALI KWA AJILI YA UCHUNGUZI. Hata mtungi wa maji ukabandikwa.

Bi Kazija alimuuliza katibu wa tume, mama mmoja mkavu aitwaye Selestina, kama wajumbe nao watalipia viti. Katibu alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba hao wako kwenye kikao, na anayekaa kwenye kikao halipi. Analipwa, posho ya kikao, kila siku anayokaa.

"Kwa hiyo," Bi Kazija akasema, "mnalipwa mkae, ili mjue kama wananchi walipe wakae."

"Mama umelielewa vizuri sana," Katibu akasema. "Wengi huwachukua wiki."

*

Mwezi wa kwanza tume ilitafuta maana ya kukaa. Kamati ndogo ilipendekeza kwamba mtu amekaa pale sehemu kubwa ya uzito wake inapokuwa imebebwa na kitu kisicho miguu yake. Mjumbe mmoja akauliza, je, na anayeegemea? Hilo likachukua mwezi wa pili. Mwezi wa tatu waliingia kwenye suala gumu zaidi, la wale wasemaji wa pembeni, wanaosimama nyuma ya mchezaji na kumwambia asogeze kete ipi. Kundi moja lilitaka waachwe kwa kuwa hawakukaa. Kundi jingine lilitaka watozwe mara mbili kwa kuwa wanaitumia meza kwa mdomo. Wakapiga kura, sita kwa sita, wakaenda kula.

Maoni ya wadau pia yalikusanywa. Mzee Tindwa aliitwa, akaambiwa asimame mbele ya meza yake mwenyewe ya miaka tisa na aseme ana maslahi gani nayo. Alisema hana maslahi, ana mazoea. Ikaandikwa: "Mdau hana maslahi."

Wakati huo wote wachezaji walikuwa nje. Waliweka ubao wa drafti juu ya pipa la maji, wakacheza wamesimama kama wanaosubiri maiti. Kwanza walikuwa ishirini, kisha kumi, kisha mvua za masika zikaanza, na akabaki Mzee Tindwa na mwavuli. Na hapo Bi Kazija akaona kwa macho yake jibu la nusu ya swali lake: watu walipoondoka mezani, hata wale wachache waliokuwa wakinunua hawakununua tena. Hakuna aliyepita dirishani akasikia kelele za ushindi akaingia kuuliza drafti inauzwaje. Kilichosikika ndani kilikuwa kukohoa kwa serikali.

Wajumbe nao, kwa kuwa mtu hawezi kuegemea ubao wa drafti miezi mitatu bila kuugusa, walikuwa wameanza kucheza. Walichukua bodi mpya kutoka kwenye rafu, wakaziita vielelezo. Kielelezo hakilipiwi. Na kwa kuwa ni watu wa utaratibu, walicheza kwa vyeo: mdogo alifungwa na mkubwa, mkubwa na mkubwa zaidi, na wote walifungwa na Mheshimiwa Bakunda. Kete zao walimsogezea moja moja, kama watu wanaopeleka sahani kwenye meza ya harusi. Aliyefungwa naye, Mheshimiwa alimkabidhi meza nyingine aendelee na kikao. Kufikia mwezi wa saba Mwenyekiti alikuwa hajafungwa hata mara moja, na alianza kusema, kwa unyenyekevu, kwamba huenda ni kipaji.

Mwenye nyumba alikuja siku ya Jumatatu. Hakugomba. Alisema Ijumaa chumba kitaingia magodoro, na kama meza zile za mvule zina kazi ya kufanya popote, Bi Kazija azitafutie pa kwenda, la sivyo mwuza magodoro amesema zitamfaa kwa kuni za biriani ya ufunguzi.

*

Jumanne Bi Kazija alivaa baibui lake la safari akaenda wizarani kulitoa swali lake.

Alielekezwa kwenye Dirisha la Maswali. Karani wa hapo alikuwa mstaarabu. Akalitafuta faili, akalipata, akalipangusa.

"Nataka kulichukua," Bi Kazija akasema. "Sitaki tena kujua."

"Mama, maswali tunapokea. Hayarudishwi."

"Lakini ni langu, baba. Nililiandika kwa mkono wangu."

"Lilikuwa lako." Karani alilipigapiga faili kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Likishapigwa mhuri ni mali ya umma. Ukiondoka nalo umeiba."

Bi Kazija akamuuliza basi kikao kitafungwa lini. Karani akafungua Kanuni za Vikao, kitabu kinene kama tofali, akamsomea kwamba kikao hufungwa pale Mwenyekiti anapoinuka kitini kwa sababu iliyo halali, na kwamba kikifungwa, taarifa hutolewa siku hiyohiyo. Bi Kazija akauliza sababu halali ni zipi. Karani akasoma: ugonjwa, mauti, wito wa Mkuu wa Nchi, au kanuni ya mahali kikao kinapofanyikia.

Bi Kazija alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, na ile ya nne akaibeba njia nzima.

*

Jumatano alimweleza Mzee Tindwa. Mzee Tindwa ndiye aliyekuwa bingwa wa mtaa, hilo halikuwa na ubishi. Basi Alhamisi asubuhi akaingia ukumbini akiwa amevaa koti, akamwomba Mheshimiwa mchezo mmoja, kama mdau, ili tume ione kwa vitendo wananchi wanavyokaa. Mheshimiwa alifurahi. Wajumbe wakasogea. Hata Katibu Selestina aliweka kalamu chini.

Mzee Tindwa alicheza vizuri mpaka katikati. Hapo akaona, na Bi Kazija kutoka kaunta akaona, njia nyeupe ya kula kete tatu kwa mpigo. Mkono wa mzee ukanyanyuka, ukasimama hewani. Kibali cha kibanda chake cha saa kilikuwa kinatolewa na wizara ileile, na kilikuwa mezani kwa mtu fulani kikisubiri sahihi. Mkono ukashuka pembeni, ukasogeza kete nyingine isiyo na maana. Baada ya dakika tano alikuwa amefungwa.

Alikuja kaunta akiwa ameinamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe," akasema. "Vidole vilikataa."

"Vina watoto wa kulisha, shemeji," Bi Kazija akamwambia. "Kaa unywe maji."

Kisha alifunga droo, akazunguka kaunta, akaenda akakaa kwenye kiti alichotoka Mzee Tindwa. Mjumbe mmoja, kijana wa sheria, akanyoosha kidole ukutani, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba mwenye duka hachezi.

"Mwenye duka ni mwuza magodoro," Bi Kazija akasema. "Mimi kesho naondoka. Leo ni mgeni tu kama nyie."

Mheshimiwa Bakunda akacheka kwa ukarimu, akampa aanze.

Bi Kazija alikuwa hajagusa kete mbele ya watu kwa miaka kumi na minane. Alicheza polepole, kama anayepekua mchele. Mheshimiwa alicheza haraka, kwa ile raha ya mtu aliyezoea kupokewa. Hatua ya kumi na moja, Bi Kazija akasukuma kete yake moja mbele kabisa, peke yake, mahali ambapo hata mtoto angeshituka. Na katika drafti, kete ikiwekwa mbele yako hivyo, ni lazima uile. Mchezaji yeyote mwingine angejiuliza kwa nini. Mheshimiwa hakujiuliza. Kwa miezi mingi watu walikuwa wakimwekea kete mbele, na zote zilikuwa zawadi. Akaichukua, akashukuru.

"Karibu," Bi Kazija akasema. Akala moja, akala ya pili, akala ya tatu, akaingia kingi.

Mheshimiwa alitazama ubao kama mtu aliyerudi kwake akakuta fanicha zimehamishwa. Akatazama wajumbe, labda kuna atakayeeleza. Wajumbe walitazama dari. Hatua nne zaidi, na hakuwa na kete.

Mlangoni walikuwa wamekwisha kujaa wale wa zamani, ishirini wote, walikotoka haijulikani, na macho yao yalipanda ukutani kwa pamoja. ALIYEFUNGWA AINUKE.

Mheshimiwa naye akapandisha macho. Mtu huyu alikuwa na mengi ya kusemwa, lakini hakuwahi katika maisha yake kuona maandishi ukutani akayavunja. Alikuwa amesimama kwenye foleni zilizokwisha kuondoka kwa sababu tu kibao kilisema simama hapa.

"Ni kanuni ya mahali?" akauliza taratibu.

"Ni ya marehemu," Bi Kazija akasema. "Aliiweka mwenyewe."

Mheshimiwa akaegemeza viganja kwenye meza ya mvule, ambayo haikutoa mlio, akainuka. Katibu Selestina akafumba macho. Kikao kilikuwa kimefungwa, na posho nayo.

*

Kwa kuwa kanuni ilitaka taarifa siku hiyohiyo, taarifa ilitayarishwa kwa dakika ishirini, juu ya kaunta, huku wajumbe wakikusanya miwani yao. Waziri alifika na ving'ora, akapanda tena kwenye kreti la soda. Alitangaza kwamba jibu limepatikana. Alisema ni jibu zito, la kihistoria, lenye maslahi mapana, na kwa uzito wake halitasomwa. Akamkabidhi Bi Kazija bahasha ya kaki yenye lakiri nyekundu na mhuri wa neno SIRI.

Bi Kazija aliishika kwa mikono miwili. Akauliza kwa adabu kama sasa awatoze au asiwatoze.

"Tekeleza kama ilivyoandikwa humo," Waziri akasema.

"Nifungue nisome?"

"Kufungua ni kosa la jinai, mama."

"Na nisipotekeleza?"

"Hilo nalo ni kosa." Waziri alimpa mkono, picha ikapigwa, msafara ukaondoka.

Bi Kazija alichukua msumari, akamwomba radhi marehemu, akaipigilia bahasha ukutani juu ya meza namba moja, chini ya kanuni zake.

Mzee Tindwa ndiye wa kwanza kukaa. Alicheza michezo mitatu, lakini kila mara jicho lilimpanda ukutani. Alipoinuka kwenda zake alifika mlangoni, akarudi kaunta, akanunua pakiti ya karata.

"Kama imesema tulipe, nimelipa," akaeleza. "Kama imesema tusilipe, mimi sikulipia meza. Nimenunua karata."

Waliokuwa nyuma yake walilitafakari hilo, wakaona halina tundu. Mmoja akachukua dhumna, mwingine poda. Kufikia saa saba kila aliyekaa alikuwa ametoka na kitu mkononi, kwa usalama wake. Hata wasemaji wa pembeni, ambao hawakukaa, walinunua kidogo kwa sababu ya midomo yao. Ijumaa mwuza magodoro alikuja na futi yake na mkokoteni. Akakuta ukumbi umefurika na mwenye nyumba kaunta akipokea pango lake huku anachagua keram. Akasoma lile neno SIRI ukutani, akaikunja futi. Hata wakaguzi wa wizara walipokuja baadaye hawakupata kosa: lakiri ilikuwa nzima, na utekelezaji ulionekana.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja aliingia mtu mnene, bila gari, bila dereva, ameshika mfuko wa vitunguu. Akangoja zamu yake kama wengine. Alicheza na Mzee Tindwa, ambaye kibali chake kilikuwa kimekwisha kutoka, na akafungwa haraka sana. Akainuka bila kuambiwa. Akaja kaunta, akainama karibu.

"Bi Kazija, ile bahasha. Hujaifungua?"

"Nitaifunguaje, Mheshimiwa, na mhuri ni wako?"

"Kweli, mhuri niliupiga mimi." Akashusha sauti zaidi. "Ila nilijua aliyeandika ni Katibu. Nilimwona juzi sokoni, nikamuuliza tuliamua nini. Ananiambia yeye alijua nimeandika mimi."

Wote wawili waliitazama bahasha. Ilikuwa nyembamba. Upepo wa mlangoni uliigusa, ikapepea kama jani.

Mheshimiwa Bakunda alifikiri. Alitazama meza sita, viti kumi na viwili, akatazama ile lakiri. Midomo yake ilikuwa inahesabu miezi aliyokaa hapo, mmoja mmoja, mpaka saba. Kisha akaweka mfuko wa vitunguu chini na kutia mkono mfukoni.

"Nipe karata," akasema.

"Pakiti ngapi?"

Alitupa jicho mara moja tena ukutani.

"Unazo ngapi?"